Mchongaji Ana Jina

Mtu akitaka kujua asili ya kiti cha zamani, huuliza kwanza kilinunuliwa wapi. Swali hilo si baya, ila halitoshi.

Tazameni vile vigoda vya Waluba na Wahemba, ambavyo mwanamke wa mti hubeba kikalio kwa mikono yake. Mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, aliona nyuso ndefu na mikono mikubwa, akatambua kwamba kazi kadhaa zafanana mno. Kwa kuwa mbili zilitoka kijiji cha Buli, mtindo wote akauita wa Buli. Kitabu chake kilitoka mwaka 1946. Twamsifu kwa haki, maana wengi walidhani mchongaji wetu hufuata kabila tu, hana mkono wake mwenyewe.

Lakini kasoro ipo. Mahali kitu kilipookotwa si lazima pawe ndipo kilipozaliwa. Katika miaka ya 1970 habari zilitafutwa vijijini kwenyewe, likapatikana jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Macho yalitambua mkono. Vinywa vya wazee vikatoa jina. Kwa nini vinywa viliulizwa mwisho?

Nasi wa Kapalata tusijitoe katika lawama. Mchuuzi akija kununua kigoda cha babu, twauliza bei tu. Tumwulize kwanza mzee: nani alikichonga, kwa mti gani, kwa ajili ya nani? Tuandike. Mzee akienda zake, kigoda hakitatujibu.