Ukuta wa biti moja



Tunapofundisha anwani pepe huwa tunazisifia kama ulinzi mtupu: kila programu ina anwani zake, haioni za mwenzake, basi. Mimi naona sifa hizo zimezidi.

Mtambo wenyewe ni mzuri. Programu ikitaja anwani, prosesa ya x86 ya biti 64 haiendi moja kwa moja kwenye RAM. Kwa kawaida inachukua biti 48 na kuzikata: mafungu manne ya biti tisa tisa, zinabaki 12. Kila fungu linachagua safu moja kati ya 512 katika jedwali la ngazi yake. Ngazi ya mwisho inatoa ukurasa halisi wa baiti 4,096, na zile 12 zinaonyesha baiti ipi humo ndani. Kerneli ndiyo inayoandika majedwali, prosesa inayafuata. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu. Kwa miaka mingi Linux iliweka ramani ya kerneli nzima ndani ya majedwali ya kila programu, na pamoja nayo RAM yote ya mashine, nywila za watu humo humo. Kisa? Haraka. Programu ikiomba huduma, hakuna haja ya kubadili majedwali. Na ulinzi? Biti moja katika safu: wewe mtumiaji, hapa hupiti.

Januari 2018 ikatangazwa Meltdown. Prosesa nyingi za Intel zilikuwa zikisoma kwanza, ruhusa baadaye. Jibu lilifutwa, lakini nyayo zilibaki kwenye kache, na mjanja akazifuata. Watu wakailaani Intel. Sawa, inastahili, za AMD hazikukumbwa. Lakini jamani, nani aliyeweka hazina yote sebuleni, nyuma ya pazia?

Watafiti wa Graz, Austria, walishapendekeza mwaka 2017, kwa sababu nyingine, majedwali yatengwe. Linux 4.15 ikafanya hivyo kwenye prosesa zenye dosari: programu inapoendelea na kazi zake, ya kerneli hubaki kipande kidogo tu cha mlangoni. Gharama ipo, hasa kwa programu zinazoiita kerneli kila mara, na wapo waliolalamika.

Wenzangu mnaofundisha kozi hii, mnalieleza hili, au bado mnachora ule mchoro wa zamani, kerneli juu, programu chini, na mstari mmoja katikati?