Swali Lililo Ndani ya Uvumi

Ujumbe wa sauti unaingia kwenye grupu la chama huko Kayole, Nairobi: chanjo wanayodungwa wasichana inafunga kizazi. Juu yake kuna mishale miwili, alama ya WhatsApp ya ujumbe uliofowadiwa mara nyingi. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayeijua kazi yake hajibu papo hapo. Anausikiliza hadi mwisho, kisha anauanza upya.

Subira hiyo naistahi sana. Anasikiliza lafudhi ni ya wapi, chanjo gani inatajwa, na tukio linadaiwa kutokea lini, maana rekodi za zamani hufufuka kila kampeni inapotangazwa. Ikiwa ni picha, huitafuta mtandaoni aone ilitokea wapi mara ya kwanza. Ikiwa ni video, huisimamisha kila hatua akisoma vibao vya maduka na namba za magari. Wanahabari wa PesaCheck na Africa Check hapa Nairobi hufanya vivyo hivyo.

Kinachonivutia zaidi ni namna anavyolitafuta swali lililo ndani ya uvumi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda ilitiwa homoni ili izuie mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Lakini mama wa Dandora alikuwa na swali la haki: mbona wanawake wa miaka 14 hadi 49 pekee? Jibu lilikuwepo: kinga ya mama humfikia mtoto tumboni, ikamwokoa na pepopunda ya watoto wachanga. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipozinduliwa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, hofu ile ile ikaifuata, na swali lile lile: mbona wasichana tu?

Swali gumu kuliko yote lilizuka Kamukunji. Machi 2018 kirusi cha polio cha aina ya pili kilipatikana kwenye maji taka, na matone yakaanza kutolewa tena hata kwa watoto waliokuwa wamechanjwa: mbona tena? Ukweli wake haukuwa rahisi kusema. Kirusi kile kilitokana na kirusi dhaifu cha chanjo yenyewe ya matone, ambacho hupata ukali kikizunguka muda mrefu penye watoto wengi wasio na kinga. Nayo matone ya kawaida yalikuwa yameondolewa aina ya pili tangu Aprili 2016, kwa hiyo hata waliochanjwa walihitaji matone mapya. Mhamasishaji aliye fundi wa kweli hayafichi haya. Huyaeleza yote, polepole, mlangoni, kwa Kiswahili cha ploti, kwa sababu mzazi akija kuyasikia kwingine hatamwamini tena.

Jibu la grupu la Kayole nalo huwa fupi, la sauti, likianza na lililo kweli. Mhamasishaji haliweki hadharani kwanza. Humtumia faraghani yule aliyeufowadi ujumbe, amsalimie, amuulize ni lipi hasa linalomtia hofu, wazungumze hadi aridhike. Kisha humwomba yeye mwenyewe alipeleke jibu kwenye grupu.