Riwaya na Deni Lake

Kwenye meza za vitabu vya mitumba, ziwe za Posta jijini Dar es Salaam au za kando ya barabara Nairobi, wateja huwa wa aina mbili. Wa kwanza husoma jalada la nyuma, huuliza bei, huondoka. Wa pili hulipita jalada kama asiyeliona, husoma aya mbili za mwanzo, kisha hufungua katikati, mahali popote penye mazungumzo, na kusoma tena midomo ikicheza. Muuzaji anamjua. Huyu hanunui picha, na akinunua, wiki ijayo atarudi na maneno.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule wa pili, na kwa yeyote anayetamani kusimama mezani kwa namna ile.

Kinachowazuia wengi ni shule. Wasomaji wengi wa Kiswahili waliijua riwaya kwanza kama kitabu cha mtihani: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, tamathali za semi, kila kimoja na mifano yake mitatu. Vipimo hivyo vina kazi yake darasani, ila vinahesabu kilichomo bila kuangalia kilivyotengenezwa. Riwaya mbovu nayo ina dhamira. Ufisadi, ndoa za lazima na uonevu wa wakoloni ni mambo mazito, lakini hakuna hata moja lililowahi kukiokoa kitabu kinachochosha.

Mpenzi wa riwaya huuliza swali jingine: kurasa kumi za kwanza zimeniahidi nini, na kitabu kimelipa? Kila riwaya hukopa kwa msomaji wake. Ya upelelezi hukopa udadisi, ya kihistoria hukopa imani, ya maisha ya jamii hukopa huruma, ya majaribio hukopa subira. Kuidai moja deni la nyingine ni kuionea.

Upelelezi: dalili ziwe mezani

Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilitoka 1960, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi ya Kiswahili. Undugu wake na Sherlock Holmes haufichiki. Lakini fumbo lenyewe limesukwa kwa nyuzi za Unguja: ndoa, nasaba, mali na minong'ono ya majirani. Maiti inakutwa mahali ambapo watu wanapaogopa, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni mzimu. Kazi ya Bwana Msa ni kumtafuta binadamu.

Kipimo cha riwaya ya namna hii ni rahisi, ingawa kinadai uvumilivu. Ukishamjua muuaji, rudi nyuma. Je, dalili zilikuwepo, umeziruka kwa uzembe wako? Basi mwandishi amelipa. Kama mpelelezi anatoa mfukoni barua ambayo msomaji hajawahi kuonyeshwa, umedhulumiwa, hata kama taharuki ilikukeshesha.

Ujasusi una sheria zake. Willy Gamba, shujaa wa Aristablus Elvis Musiba aliyeanza safari katika Kufa na Kupona (1974), hamfanyi msomaji aulize "nani kafanya?" Anamfanya aulize "atatokaje hapa?" Kwa hiyo angalia mwendo: sentensi fupi, mitaa inayotajika, saa inayokimbia. Angalia pia ardhi iliyo chini ya mwendo huo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, wapigania uhuru walipita mjini kila siku, na jasusi wa Kiafrika anayepambana na vibaraka wa makaburu hakuwa ndoto ya kuazimwa kutoka sinema. Hapo Musiba ana nguvu. Udhaifu wake ni warembo wengi kuliko mahitaji ya msuko, na shujaa ambaye msomaji haogopi sana kwamba atakufa.

Karibu na ujasusi kuna hadithi za mapenzi na visa zinazotoka magazetini kwa mfululizo. Nyingi huja kuwa vitabu baadaye, na mishono yake huonekana: kila baada ya kurasa chache mtu anagonga mlango, au simu inaita, kwa sababu hapo palikuwa na neno "Itaendelea". Mhariri mzuri huifumua mishono hiyo. Ukiikuta bado ipo, jua kitabu kimekusanywa tu.

Historia: nani analipa posho

Kuli ya Adam Shafi (1979) inawahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948, mgomo ambao kweli ulitokea. Riwaya ya kihistoria iliyo dhaifu huwa na gavana, mwaka na tangazo la serikali. Iliyo imara hujua kuli anakula nini mchana, anamdai nani ujira wake, na akiumia begani mzigo wake anaubeba nani. Msomaji akishaamini kazi, ataamini na mgomo.

Hata hivyo, mpimaji mkweli hafichi kasoro kwa sababu ya heshima. Katika Kuli kuna mahali ambapo mazungumzo yanaanza kunukia hotuba: mtu mmoja anafafanua, mwenzake anaitikia. Miaka 20 baadaye, katika Vuta n'kuvute (1999), mwandishi yuleyule anaingiza siasa kupitia mlango wa nyumba. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwanamume mzee, anatoroka, anakutana na Denge, kijana anayepigana na utawala wa Mwingereza. Msomaji anajali mapambano kwa sababu anamjali Yasmin. Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021, hadithi ilikuwa tayari ina miguu yake. Ukivisoma vitabu viwili hivi kwa kufuatana, utamwona fundi akikua.

Wahusika: Rosa na Maimuna

Hakuna zoezi zuri kwa msomaji kama kusoma riwaya mbili zenye jambo moja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, Utengano ya Said Ahmed Mohamed 1980. Zote zina binti aliyefungiwa na baba mkali: Rosa huko Ukerewe, binti wa Zakaria mlevi, Maimuna wa Zanzibar, binti wa Bwana Maksuudi mwenye mali na cheo. Wote wawili wanauonja uhuru ghafla, na wote wawili unawaunguza.

Tofauti iko katika mizani ya lawama. Mohamed anaiweka nyumba yote mezani: mali ya Maksuudi na unafiki wake unaoanguka polepole, mpaka msomaji aone kwamba kufuli la mlango ule lina historia. Kezilahabi anabana. Anamwacha Rosa afanye makosa bila kumtetea na bila kumhukumu, na ukavu huo ndio uliowashtua watu hata kitabu kikazuiwa shuleni kwa muda. Maimuna anaishi; Rosa anajiua. Swali la mpimaji si mwisho upi unaliwaza. Anauliza kama mwisho ule ulikuwa umeshaanza kuonekana katika tabia ya mhusika mapema, kabla mwandishi hajauhitaji. Kwa Rosa, jibu ni ndiyo, na linauma.

Hapo ndipo sadfa inapopaswa kutazamwa kwa jicho kali. Ken Walibora, aliyeaga dunia mwaka 2020, aliipenda. Siku Njema (1996) inamfuata kijana mwana wa mwimbaji taarab wa Tanga anayevuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na njiani bahati haimtupi mbali. Mbona basi kimependwa na wasomaji wengi kiasi kile? Kwa sababu sauti ya msimulizi ina uchangamfu unaomfanya msomaji asamehe. Sadfa inayomwingiza mhusika matatani husameheka kwa urahisi. Inayomtoa matatani katika ukurasa wa mwisho ni mkopo ambao haukulipwa.

Sentensi kwenye mwanga

Yote hayo yanaweza kujadiliwa na mtu aliyesimuliwa tu kitabu. Sentensi ni lazima uisome mwenyewe. Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya ukurasa huu. Mwandishi wa kwanza anaandika: "Mjane alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake, machozi yakimtiririka njia mbilimbili." Wa pili anaandika: "Alimimina chai vikombe viwili, akakaa akikitazama cha pili mpaka kikapoa." Wa kwanza ametaja huzuni na kuipamba kwa machozi yaliyokwisha kutumika katika vitabu mia. Wa pili hakuitaja, ila kila aliyewahi kufiwa anajua kikombe kile ni cha nani.

Vipimo vingine vya lugha ni vya haraka. Funika majina ya wazungumzaji katika ukurasa wa mazungumzo: bibi wa kijijini, karani na mwanafunzi wakisikika sawasawa, mwandishi anazungumza peke yake. Hesabu methali: ikitoka kinywani mwa mtu mwenye sababu ya kuisema, inakoleza, zikipangwa nne katika aya moja, ni maonyesho. Soma aya kwa sauti, maana Kiswahili kibovu hujikwaa ulimini kabla hakijajikwaa machoni.

Usimpime mwandishi wa bara kwa pambo la pwani, wala wa pwani kwa ukavu wa bara. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), anaiachia lugha itanue na kupamba, na Unguja yake inadai hivyo. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hukata sentensi kama anayepasua kuni. Kosa linaanza pale pambo linapoficha kwamba hakuna linalotendeka, au ukavu unapoficha kwamba mwandishi hana la kusema.

Riwaya zinazokataa kushikika

Mwaka 1990 Kezilahabi alitoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile. Mahali hapatambuliki, wakati umevunjika, wanafalsafa waliokufa zamani wanatokea. Baada yake njia ilipanuka: Said Ahmed Mohamed akamfufua babu aje amhoji mjukuu mwenye cheo katika Babu Alipofufuka (2001), naye Kyallo Wadi Wamitila akaizungusha dunia ya utandawazi katika Bina-Adamu! (2002).

Wasomaji wengi huziweka chini baada ya sura moja, na wengine huzisifu bila kuzielewa ili wasionekane wajinga. Wote wawili hawajapima. Riwaya ya majaribio inaruhusiwa kuvunja kanuni za dunia yetu, mradi iweke zake na kuzifuata. Babu Alipofufuka inafaulu waziwazi: mzimu ni wa ajabu, lakini hasira yake na aibu ya mjukuu vinafahamika kwa kila mtu. Nagona inadai zaidi. Usomaji wa kwanza hukupa hofu na picha. Wa pili ndio huonyesha kwamba picha zinajibizana. Riwaya ya namna hii ikisomwa mara ya pili na isiongeze kitu, iite jina lake: fumbo lisilo na jibu, wala swali.

Mezani

Basi msomaji anayesimama mbele ya meza ile ya mitumba na fedha za vitabu vichache afanye hivi. Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, ajifunze kufuata dalili. Afuatishe Vuta n'kuvute, kisha Rosa Mistika na Utengano kwa pamoja, bila kuweka kitabu kingine katikati. Kuli aisome kwa ajili ya bandari, na asione haya kuziruka hotuba. Siku Njema aiweke kwa safari ya basi. Nagona iwe ya mwisho, na asimwazime mtu kabla hajaimaliza mara ya pili. Haina hata kurasa mia moja.