Namba kwenye kamu inapima chuma, haipimi mwamba

Kamu ni kile kifaa ambacho wapanda miamba hukichomeka kwenye ufa ili kiwadake wakianguka. Ukikishika utaona kimeandikwa namba, mathalani 12 kN. Kwa mtu wa kilo 80, hiyo ni zaidi ya mara 15 ya uzito wake. Inatuliza moyo, si ndiyo? Shida ni kwamba namba hiyo, hata ikiwa ya kweli kabisa, inajibu swali dogo kuliko lile analojiuliza mtu aliyening'inia.

Tuanze na sifa, maana zipo. Nguvu ya kamu hupimwa kwa kuivuta mpaka ishindwe. Iliyopimwa hivyo imeshakufa. Uliyonunua wewe haijawahi kuvutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo tunategemea sampuli. Watengenezaji wengine hutumia kanuni ya sigma 3: chukua wastani, toa mkengeuko sanifu mara tatu, ndipo uandike namba. Tuseme kamu tatu za kiwanda kimoja zimekatika kwenye 13, 14 na 15 kN, na za kiwanda kingine kwenye 10, 14 na 18. Wastani ni ule ule, 14. Lakini kwa sigma 3, kiwanda cha kwanza kinaandika 11, cha pili kinaandika 2! Vifaa vitatu ni vichache mno kwa kazi halisi, ila wazo ndilo hilo: kiwanda kinachobahatisha kinaadhibiwa. Hapo takwimu imetutendea haki.

Mimi nina ugomvi na mashine. Kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi, EN 12276, kinaivuta kamu ikiwa kati ya taya mbili za chuma zilizo sambamba. Taya hizo hazimeguki wala hazina matope. Sasa kumbuka kamu inavyoshika: ni msuguano tu. Ikivutwa chini, inapanuka na kuzisukuma kuta za ufa. Kwa pembe ya takriban nyuzi 14, kila ukuta unasukumwa kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya ile inayovuta. Mvuto wa 6 kN unakuwa 12 kN kila upande. Chuma kitavumilia. Je, bamba la jiwe lililolegea?

Watetezi watasema maabara lazima zitumie kitu kimoja, la sivyo matokeo hayatalinganishika. Ni kweli. Lakini kipimo kinachorudiwa vizuri si lazima kiwe kinapima unachokitaka. Namba hii inakuambia kamu itakatika lini. Haikuambii itachomoka lini, na kamu inaweza kuchomoka ikiwa nzima kabisa, bila hata mkwaruzo.

Basi waandike wazi kwamba hiyo ni nguvu ya kifaa chenyewe. Halafu kwenye karatasi ya maelezo waweke majaribio ya miamba halisi, mikavu na yenye maji: kamu ilivutwa mara ngapi, na mara ngapi ilichomoka.

Mpaka hapo, wewe unayepanda Lukenya au Hell's Gate, gonga jiwe kwanza usikilize. Likilia kama debe tupu, tafuta ufa mwingine, hata kama kamu yako imeandikwa 12 kN.