Moto wa Kadiri

Kuongeza mafuta ili injini ipate nguvu ni jambo ambalo fundi yeyote analiweza. Ninayemsifu mimi ni yule anayepunguza mafuta, akaongeza hewa, na injini ikaendelea kunguruma sawasawa. Huyo ameutawala moto.

Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikizidi hapo, faida huanza kuonekana. Mlango wa hewa hufunguka zaidi, kwa hiyo pistoni hazipotezi nguvu kwa kuvuta pumzi kupitia tundu jembamba. Moto hupoa, na joto linalopotelea kwenye kuta za silinda hupungua. Lakini tamaa ina adhabu yake. Hewa ikizidi mno, cheche ya plagi hukosa cha kushika, moto hujikokota, gari linaanza kumisi, na petroli mbichi hutokea kwenye ekzosi. Hata ikizidi kidogo tu, oksidi za nitrojeni huongezeka, maana joto bado ni kali na oksijeni ya ziada ipo. Kukaza skrubu ya kabureta pekee hakumvushi mtu hapo. Lazima aufikirie upya moto wenyewe.

Wahandisi wa Honda walifanya hivyo. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria iliyotaka magari ya mwaka 1975 yapunguze monoksidi ya kaboni na mabaki ya mafuta kwa asilimia 90. Kampuni kubwa za Detroit zililalamika kwamba muda hautoshi. Huko Japani, Honda walikigeukia chumba cha kuunguzia. Kando ya chumba kikuu walitengeneza kijumba kidogo, wakaweka plagi humo, wakakipa valvu yake na mchanganyiko wenye mafuta mengi. Chumba kikuu kikapewa mchanganyiko hafifu. Anayewasha jiko la mkaa kwa vijiti vikavu anaielewa hesabu hii: kinachoshika upesi huwekwa pale moto unapoanzia, nacho huwasha kilicho kigumu kushika. Cheche iliwasha kijumba, ndimi za moto zikachomoka kupitia tundu na kuuamsha mchanganyiko ambao plagi peke yake isingeuweza. Moto ukaenda taratibu, kilele cha joto kikashuka, na joto likadumu hadi mabaki ya mafuta yakaisha.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani; Mwingereza Harry Ricardo alilishughulikia miongo kadhaa kabla. Sifa ya Honda iko katika kulifanya litii barabarani. Ukubwa wa tundu, wakati wa valvu kufunguka, kiasi cha mafuta ya kijumba na cha chumba kikuu: kimoja kikikosewa, vyote vimeharibika. Injini hiyo, CVCC, ilipimwa na shirika la mazingira la Marekani mwishoni mwa mwaka 1972, ikafaulu bila kataliti, yaani kifaa cha kusafisha moshi, kwenye ekzosi. Kwa waliodhani ni ufundi wa injini ndogo tu, Honda walinunua Chevrolet Impala yenye silinda nane na lita 5.7, wakabadilisha silinda hedi, njia ya hewa na kabureta. Nayo ikafaulu mwaka 1973.

Baadaye kataliti ya njia tatu ilienea. Kwa kuwa inataka uwiano ule ule wa 14.7, injini za mchanganyiko hafifu zikarudi nyuma. Ujuzi haukufa. Formula 1 ilipoweka kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa saa mwaka 2014, timu zilikirudia kijumba cha kuwashia, na mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao imevuka asilimia 50 ya ufanisi kwenye benchi ya majaribio. Yaani zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta iligeuka kazi.

Nawaambia vijana wanaojifunza umakanika: kabla hujaongeza chochote kwenye injini, jua moto unaanzia wapi, unapita wapi na unaishia wapi. Mafuta mengi humfichia fundi makosa yake. Mafuta machache humdai ujuzi, na ujuzi huo ndio unaostahili kuitwa ufundi.