Mbwa Shenzi Mwenye Nasaba

Mama yangu yuko Tanga, mbwa wangu yuko Leeds, na kati yao kuna simu. Siku nilipomwambia mama kwamba Njuga ana mimba na atazalia ndani, kwenye kile chumba kilicho ubavuni mwa jiko, alinyamaza hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Ndani, mwanangu? Ndani ya nyumba unayoswalia?" Nikamweleza kwamba mimi huswali juu, na mlango wa juu hufungwa. "Ni mbwa wa namna gani huyo hata apewe chumba?" Nikasema ni basenji. Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Umevuka bahari ukafuge mbwa shenzi!"

Hakukosea. Jina la mbwa huyu limetoka Kongo, na ni neno lile lile ambalo sisi wa pwani tulimtupia mtu wa bara asiyezijua adabu zetu. Basenji ni washenzi; mbwa wao ni mbwa wa watu wa msituni. Waingereza walileta jozi moja mwaka 1895, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, ikafa kwa distempa muda si mrefu. Bibi Olivia Burn alileta wengine mwaka 1936, na mwaka uliofuata watu walisongamana Crufts kumtazama mbwa asiyebweka. Ana paji lenye mikunjo kama la mzee anayesoma barua ya madai, na mkia uliojiviringa kama kata ya kubebea ndoo. Hujilamba kama paka. Sauti anayo, ila iko baina ya kigelegele na bawaba isiyotiwa mafuta. Kwao Kongo wawindaji humfunga kengele ya mti ili wajue alipo ndani ya majani marefu, na ndiyo sababu wangu nilimwita Njuga.

Leo mshenzi huyo ana karatasi. Ya Njuga inahesabu vizazi vitano nyuma, kuumeni na kukeni, wakati mimi sijui jina la babu wa babu yangu. Waswahili hatuhitaji kufundishwa uzito wa neno nasaba. Kuna posa zilizorudishwa kwa ajili yake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nasaba ni kazi ya mikono. Kila jina kwenye ile karatasi lina nyuma yake mtu aliyekesha sakafuni, akapima, akaandika.

Kazi huanza kabla dume hajaonekana. Basenji wana ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao humwaga sukari na protini kwenye mkojo badala ya kuzirudisha mwilini. Uchungu wake ni kwamba huchelewa kujitokeza: mbwa huwa na miaka minne, mitano au zaidi, amekwisha zaa na kuzalisha, ndipo unamwona anakunywa maji bila kushiba. Wafugaji wa zamani walikuwa wakioza vijana wao gizani. Tangu mwaka 2007 kipo kipimo cha vinasaba, na nilimtumia daktari wa mifugo sampuli ya Njuga kwa roho mkononi. Majibu yakasema amebeba kasoro upande mmoja. Yeye haimdhuru, lakini akipandwa na dume aliyebeba kama yeye, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ataugua. Basi dume mzuri kuliko wote niliokuwa nimewaona, aliyekuwa karibu na wa bei nafuu, nikamwacha, kwa sababu mwenyewe hakutaka kumpima. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda kwa mwingine, mwenye mkia uliolegea kidogo na cheti safi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililowapata Wamarekani. Mbwa wao walikuwa wametokana na mababu wachache mno, na kasoro zikawa zinazunguka nyumba ile ile. Miaka ya 1987 na 1988 wafugaji wakaenda Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta mbwa vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake kwa wageni hao. Yaani watu wenye nasaba walikwenda kuomba damu kwa washenzi. Mama nilipomsimulia alisema tu, "Wangeuliza mapema."

Mbwa wengine huingia joto mara mbili kwa mwaka. Basenji mara moja, na mara nyingi ni majira ya vuli. Ukikosea, unasubiri mwaka mzima. Ukipatia, watoto wanakuja baridi inapoanza kuuma.

Aliyenifunza ni bibi mmoja wa hapa mjini, aliyefuga basenji tangu ujana wake. Somo lake la kwanza lilikuwa kuninyang'anya vitu. Nilikuwa nimenunua mkasi, glavu, chupa za kunyonyeshea, maziwa ya unga, madini ya chokaa ya kumwongezea mama nguvu. Ya chokaa aliyatupa kabisa: mimba ikilishwa chokaa, mwili husahau kuichota kwenye mifupa, na siku maziwa yanapoyahitaji mama huanza kutetemeka na aweza kufa. Akaacha taulo, nyuzi za rangi, mizani ya jikoni na daftari. "Vingine weka kabati la juu," alisema, "ili ukivitaka upate muda wa kufikiri huku unapanda kiti."

Kuanzia siku ya 58 nilimpima Njuga joto asubuhi na jioni. Mbwa mzima hucheza kati ya nyuzi 38 na 39. Jioni ya siku ya 62 kipimajoto kilisoma chini ya 37: homoni iliyoishikilia mimba imejiondoa, na watoto hawako mbali zaidi ya siku moja. Usiku alichana magazeti, akahema, akanitazama kama kwamba ni mimi niliyemfanyia.

Wa kwanza alikuja saa tisa usiku, angali ndani ya chupa yake, anateleza kama kokwa ya embe iliyonyonywa. Njuga aliipasua kwa meno, akakata kitovu, akala kondo, akamlamba kwa ulimi wa kukaripia hadi akalia. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kuiacha mapajani. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alitoka wakati Njuga angali na shughuli ya wa pili, na chupa yake haikupasuka. Nikaipasua mimi. Alikuwa amelegea kama soksi.

Nilimpigia bibi, simu ikaita mpaka ikachoka. Tanga ilikuwa imekwisha fika saa moja asubuhi, na mama alikuwa bandani kwa mbuzi wake. Sikumsalimu.

"Kamasi umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Kichwa kiwe chini kidogo. Sasa msugue kwa taulo. Usimtikise kama chupa ya dawa. Msugue mpaka akutukane."

Nilimsugua. Nilisikia mbuzi wa Tanga wakilia kwenye simu, na chumbani kwangu hapakuwa na anayelia. Kisha mbavu zikaruka, mdomo ukafunguka, na matusi yakatoka, membamba kama sindano.

"Dume?" mama akauliza.

"Dume."

"Haya. Kanawe mara saba."

Akafuata wa nne, jike. Wote walinyonya dang'a kabla ya kucha, na nikamfunga kila mmoja uzi shingoni. Yule mtukanaji nikampa mwekundu.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Naona hawakupata kupima mbwa joto mara mbili kwa siku, lakini nusu ya pili nawakubalia. Kilebu huzaliwa kipofu na kiziwi. Hawezi kutetemeka ajipashe joto, wala kukojoa mpaka mama amlambe. Kona moja ya sanduku lao la kulalia niliiweka nyuzi 30 hivi, na nyingine nikaiacha ipoe kidogo, wachague wenyewe. Wakilala rundo moja wanaona baridi. Wakitawanyika wakihema, wanaungua. Asubuhi na jioni kila mmoja alipanda mizani ndani ya bakuli la unga wa chapati, ambalo mpaka leo mama hajui nililifanyia nini.

Uzi Mwekundu: gramu 228. Kesho yake 221. Jioni 214.

Nilipanda kiti. Nilishika chupa ya kunyonyeshea mkononi, nikiwa juu ya kiti, saa saba usiku, na nikafikiri. Kilebu aliyepoa tumbo lake husimama. Ukimpa maziwa kabla hajapata joto, yanachachia ndani au yanaingia mapafuni. Nikateremka mikono mitupu. Nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akawa na joto, kisha nikampeleka kwenye chuchu za nyuma ambazo bibi anaamini ndizo zenye maziwa mengi, na nikawazuia ndugu zake kwa kiganja robo saa nzima. Nilifanya hivyo kila baada ya saa mbili. Asubuhi mizani ilisema 215. Gramu moja ni uzito wa klipu ya karatasi. Niliiandika, nikaipigia mstari chini.

Wiki ya pili walipewa dawa ya minyoo, maana minyoo hurithiwa tumboni na kwenye maziwa, hata kwa mama msafi. Macho yakafunguka, ya buluu yenye ukungu. Kuanzia wiki ya tatu nyumba ikawa sokoni. Scott na Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walikuwa na basenji kati ya aina zao tano. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili mbwa huamua nani ni jamaa na nani ni adui. Basi nikakaribisha watoto wa jirani, wenye ndevu, wenye kofia, na mashine ya kufulia ikizunguka. Mama naye nilimweka kwenye spika awasemeshe. Aliwaita washenzi wangu.

Walipokaribia wiki nane daktari aliwatia chipu, kama sheria ya hapa inavyotaka. Mkia wa Uzi Mwekundu ulikuwa umeshajiviringa, na masikio yalisimama, moja kabla ya jingine. Aliyekuja kumchukua ni mzee mjane, mpole, aliyeleta boksi lenye blanketi. Nilimpa cheti cha nasaba, kipande cha kitambaa chenye harufu ya Njuga, na nakala ya kurasa za mizani. Akavaa miwani na kuisoma ile safu ya namba tangu juu. Kidole chake kikasimama kwenye 215.

"Hapa umepiga mstari," alisema.

Nikamsimulia, nikiwa nimesimama mlangoni na baridi inaingia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza basenji maana yake nini, kwa kuwa amesikia kwamba ni lugha yetu.

"Watu wa msituni," nikasema.

Gari liliondoka bila sauti yoyote kutoka ndani ya lile boksi, na nilisimama pale nikiisubiri, nimesahau kwamba hawabweki.