Kisa cha Karuni na Msomaji wa Nchi ya Dhahabu

Kisa cha Karuni, katika Sura ya 28 ya Kurani, aya ya 76 hadi 82, ni chepesi kusomwa vibaya katika nchi ya machimbo kama Geita na Kahama. Ardhi ilimmeza tajiri. Basi msomaji mwenye haraka huweza kumwona kila mchimbaji aliyefukiwa kuwa ni Karuni mdogo. Nadharia ya usimulizi aliyoieleza Mfaransa Gérard Genette mwaka 1972 yaweza kulisahihisha kosa hilo. (Mzozo uliompata Muhammad Ahmad Khalafallah mjini Cairo mwaka 1947 ulihusu kama visa hivi ni historia, suala la hapa ni jingine.)

Genette hutenga muda wa tendo na muda wa kulisimulia. Kwa kipimo hicho kisa hiki chashangaza. Kudidimia kwa Karuni na nyumba yake, ambako msimulizi mwingine angekujaza vumbi na mayowe, kwapita kwa maneno machache. Nafasi wamepewa watazamaji: wanaoutamani utajiri wake anapotoka katika fahari yake, wenye elimu wanaowakemea, kisha wale wale wa kwanza, waliotamani jana, wakishukuru kwamba hawakupewa. Mwendo wa kisa umo katika nyoyo za umati, si katika shimo. Wala hakuna shimo: aya hizo hazitaji dhahabu wala mgodi, ila hazina ambazo funguo zake zililemea kundi la watu wenye nguvu. Karuni ndiye mwenye funguo.

Wachimbaji wadogo watano waliookolewa hai huko Nyangalata, Kahama, mwezi wa Novemba 2015, baada ya siku 41 chini ya ardhi, hawakuwa na funguo zozote. Kuwaita Karuni ni kuwaweka mahali ambapo kisa hakikuwaweka.

Hata hivyo nadharia yenyewe ina mpaka. Kwa Genette msimulizi ama ni mhusika katika kisa, ama yu nje yake. Katika aya ya 81 asimuliaye ndiye atendaye, kwa nafsi ya kwanza wingi, na hata hivyo si mhusika mwenza wa Karuni na kaumu yake. Hapa sarufi yaona mbali kuliko nadharia. Mfasiri wa Kiswahili akiigeuza kauli hiyo, ikawa Karuni alimezwa tu, mtendaji amekwisha kuondolewa, na ardhi yabaki peke yake, kama katika habari ya ajali ya mgodini.